Gari la Kusikia Shikamoo

Alizaliwa wapi sijui, na baba yake alikuwa nani sikuwahi kuuliza. Mtu akikufundisha kuendesha gari humuulizi habari za ukoo. Unamuuliza klachi iko wapi. Ngokolo nzima walimwita Mwalimu. Mtaa ule ulikuwa na walimu wa shule tele, lakini ukisema "nakwenda kwa Mwalimu", watu walikuonyesha kwa kidole nyumba yenye gari la rangi ya maziwa uani, lenye kibao cha herufi L mbele na nyuma, na breki ya pili miguuni pa mwalimu. Mke wake, Mama Zuhura, alinitajia jina halisi la mumewe zamani sana. Sijawahi kulitumia na sitaanza leo.

Niseme mapema kwamba mtu huyu nampenda. Wako watakaosema namsifia kupita kiasi. Waache waseme, hawakukaa naye kwenye gari lile.

Mimi kwetu ni upande wa Ushirombo. Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mpishi wa misheni. Mume wangu alikuwa amekwenda Geita kutafuta dhahabu, akaniachia watoto wawili na ahadi. Dhahabu ikamnogea, ahadi ikaishia njiani. Mara dereva wa zahanati ya misheni naye akaifuata dhahabu hiyo hiyo, landrova ikabaki imesimama chini ya banda na wagonjwa wanabebwa kwa baiskeli. Sista mkuu akaniita jikoni kwangu. Akasema, "Wewe una kichwa kigumu na macho mazuri. Nenda Shinyanga kajifunze gari. Ukirudi na leseni kabla ya mvua, kazi ni yako. Usiporudi nayo nitachukua mtu mwingine, siwezi kungoja."

Kazi ile ilikuwa na nyumba ya bati nyuma ya zahanati. Mimi na wanangu tulikuwa tunalala kwenye chumba cha watu, na watu wenyewe walikwisha kuanza kututazama vibaya. Basi watoto nikawaacha kwa mama yangu, nikaenda Ngokolo kwa shangazi, na shangazi akanipeleka kwa Mwalimu huku anacheka njia nzima.

"Mwalimu, nimekuletea mwanamke anataka usukani!"

Mwalimu alikuwa amekaa barazani anakula karanga. Alinitazama miguu, si uso.

"Ana miguu miwili?"

"Anayo."

"Basi anatosha. Pedali tatu, miguu miwili, hata mimi nimepewa hivyo hivyo. Kesho baada ya alfajiri."

Huo ndio ulikuwa usaili wangu. Nilikuwa nimejiandaa kujitetea, nimepanga maneno tangu Kahama, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Alikuwa mtu wa vituko, na vituko vyake havikukubaliana vyenyewe kwa vyenyewe. Mwalimu wa udereva, lakini kupanda gari hapendi! Sokoni alikwenda kwa miguu, msikitini kwa miguu, na harusi ya binti yake kule ng'ambo ya mji alikwenda kwa miguu na kanzu yake ameikunja isishike vumbi. Ukimwuliza anasema, "Gari ni kazi. Nikitoka kazini nataka miguu yangu." Alitukataza kuzungumza tukiwa barabarani, na yeye mwenyewe hakunyamaza hata dakika: anasimulia, anaonya, anatafuna karanga, anasoma bismillahi kila tukipishana na lori la pamba. Mbuzi wakikatiza njia aliwaambia, "Piteni, wakubwa, piteni." Lakini fundi akikosea kufunga boliti moja tu, loo! Ulimi wake ulikuwa unakata.

Kwetu wanafunzi hakuwahi kupaza sauti. Alitania tu. Ukishindilia breki anakuuliza kwa upole, "Mwanangu, umekanyaga breki au umekanyaga nyoka?" Ukiachia klachi kwa pupa anasema, "Taratibu. Mwachie kama unavyomwachia mtoto anayejifunza kusimama. Mkono upo, lakini haumshiki." Mimi nilikuwa nimesimamisha watoto wawili, basi klachi niliielewa siku ile ile. Wanaume waliokuwa wakijifunza pamoja nami walichukua muda, nami sikuona vibaya kuwakumbusha.

Dini hakuifanya jambo la kubishania. Alijua mimi ni Mkatoliki, na siku ya Ijumaa alipokuwa anakwenda kuswali aliniambia, "Nawe kasali kwenu. Tukimaliza tukutane kwenye gari." Mama Zuhura alinifunika kwa khanga yake siku nilipopata homa, akanipikia uji wa ulezi, akanikalia kichwani kama mzazi. Nyumba ile ilinitunza, na sijui ningesema nini zaidi ya hapo.

Sasa nije kwenye ugonjwa wake mkubwa, yaani salamu.

Mwalimu alikuwa na sheria ambayo sijaisikia kwa mwalimu mwingine yeyote wa udereva. Ukiwa barabarani na ukamkuta mzee, mwanamume au mwanamke, unasimamisha gari, unaamkia. Si kwa kupunga mkono. Unasimama kabisa, unateremsha kioo, unasema shikamoo yako, au mwangaluka kama ni Msukuma asiyetaka Kiswahili, na unangoja. Na salamu ya kule kwetu si ya neno moja. Mzee anakuitikia, anauliza nyumbani, anauliza watoto, anauliza ng'ombe, hata kama huna ng'ombe, anauliza mvua. Mwalimu alisema, "Wazee hawa wameitembea njia hii kabla gari halijaja. Wewe uwapige vumbi upite?" Kwenye barabara ya Samuye tulikuwa tunasimama kila hatua, na mwanafunzi aliyetoka pale alikuwa amejua kusimama na kuondoka kuliko mtu mwingine yeyote mkoani. Nadhani hiyo nayo alikuwa ameipigia hesabu.

Tatizo ni kwamba stata ya gari lile ilikuwa mbovu, kwa hiyo injini haizimwi njiani. Inabaki inanguruma yenyewe, hujakanyaga mafuta, ile hali mafundi wanayoiita sailensi. Na Mwalimu hakutaka ngurumo ile izidi sauti ya mzee. Kwa hiyo aliishusha sailensi kwa bisibisi, anaishusha, anaishusha, mpaka unasikia kila pigo la injini peke yake, kama mama anayetwanga bila haraka. Namna yake ya kupima sitaisahau. Alimsimamisha Mama Zuhura kwenye mlango wa jiko, yeye akasimama kando ya boneti, halafu mke anasema shikamoo kwa sauti yake ya kawaida. Mume akiisikia vizuri, sailensi imekaa. Asipoisikia, anarudi na bisibisi.

"Shikamoo," anasema Mama Zuhura.

"Sijasikia."

"Shikamoo! Leo nimekuamkia kuliko nilivyomwamkia marehemu baba yangu. Ugali unaungua!"

Basi injini ile ilikuwa fahari yake. Watu wa mtaa walisema gari la Mwalimu lina adabu. Halafu, nilipokuwa nimeanza kujiona dereva, flaiwili ikapasuka.

Flaiwili ni sahani ya chuma iliyoko nyuma ya injini, nzito hasa, na klachi inakaa juu yake. Miaka ile spea ilikuwa kitu cha kuota ndotoni. Hata sabuni tulikuwa tunaitafuta, seuze sahani ya chuma ya gari la Ulaya. Mwalimu alihangaika mpaka Mwanza, akarudi na flaiwili iliyotoka kwenye gari la mashindano lililopinduka. Ilikuwa ya gari la aina ile ile, inaingia bila shida, ila mwenye gari hilo alikuwa ameikata chuma kwenye mashine ili iwe nyepesi, gari lichangamke. Mwalimu alifurahi kama mtoto. Tulipolijaribu, ukigusa mafuta tu injini inapanda juu papo hapo. "Mnaona?" akasema. "Chuma chepesi, injini haichoki. Sasa hata sailensi nitaishusha zaidi."

Akaishusha. Mama Zuhura akasema shikamoo mlangoni, ikasikika safi, tukaondoka kwenda Samuye.

Jamani! Mzee wa kwanza tuliyemsimamia hakufika hata kwenye watoto. Injini ikakohoa, ikatikisika, ikanyamaza. Chup! Stata haifanyi kazi, kwa hiyo ni kusukuma. Yule mzee, mtu mzima na fimbo yake, akaiweka fimbo chini akatusukuma. Mzee wa pili hivyo hivyo. Siku ile tuliwaamkia wazee, wazee wakatusukuma, na Mwalimu ndani ya gari anaomba radhi kwa Kiswahili na Kisukuma. Kijana wa Ngokolo aliyekuwa anajifunza pamoja nami akasema heshima imegeuka kazi ya mikono. Mwalimu hakucheka.

Akaanza kulitibu. Akasafisha kabureta. Akabadilisha plagi, akasugua platini, akalaumu petroli kwamba imechanganywa na mafuta ya taa. Fundi mmoja wa mjini alimwambia neno moja tu, "Pandisha sailensi, Mwalimu," na Mwalimu akamjibu, "Gari langu halipigi kelele mbele ya wazee." Hoja yake aliiona imenyooka: chuma kimepungua uzito, basi injini itataka nguvu zaidi ya nini? Kila alipomaliza kusafisha kitu alirudisha sailensi pale pale chini, na shikamoo ya mlangoni ikasikika, na gari likazima.

Mtihani wangu ukafika hali ikiwa hivyo. Mkaguzi alikuwa trafiki mmoja mnene, mkimya, anayepumua kwa pua. Shinyanga ni tambarare, kwa hiyo kilima cha mtihani kilikuwa tuta la reli: unapanda, unasimama katikati, unaondoka bila kurudi nyuma. Nilisimama vizuri. Nilishika breki ya mkono vizuri. Nilipoinua mguu kutafuta mafuta, injini ikanyamaza. Tukateremshwa kwa kusukumwa. Nikapewa nafasi ya pili, likazima kabla hata sijafika kwenye tuta. Trafiki akasema, "Mama, rudi wiki ijayo," akaenda zake.

Mawingu yalikuwa yamekwisha kuanza kujikusanya upande wa ziwa. Nilipolirudisha gari uani kwa Mwalimu nilikuwa nimefura. Sikumwamkia. Nikasema maneno ambayo mwanafunzi hamwambii mwalimu.

"Mwalimu, gari lako linaninyima nyumba. Mimi najua kuendesha. Wewe unajua kwamba najua. Unataka nirudi Ushirombo niwaambie wanangu tunalala nje kwa sababu wazee wa Samuye hawapendi kelele?"

Mama Zuhura akatoka jikoni, akasimama. Mwalimu alinitazama, halafu akatazama chini. Akachukua birika, akatawadha, akaingia ndani kuswali alasiri. Mimi nikakaa kwenye gogo nalia kwa hasira, na Mama Zuhura akaniletea maji.

Alipotoka alikwenda nyuma ya nyumba, akaja anaburuza ile flaiwili ya zamani iliyopasuka. Akaiweka mbele yangu.

"Inua."

Nikajaribu, nikashindwa kuifikisha magotini.

"Hii ikishazungushwa," akasema taratibu, huku anaisimamisha kwa ukingo na kuibiringisha uani, nayo ikaenda yenyewe mpaka ikagonga ukuta wa choo, "inaendelea. Injini inapiga pigo moja, halafu chuma hiki kinaibeba mpaka pigo la pili. Hata pigo likichelewa, kinangoja. Ile nyepesi haingoji. Ukichelewa, imesahau." Akajifuta mikono kwenye msuli. "Mimi nimekuwa nikiichelewesha. Mwanangu, umesema kweli, nami nilikuwa nasikiliza mlango wa jiko."

Akafungua boneti, akakaza skrubu ya sailensi kuipandisha, akaongeza kidogo ile ya mchanganyiko wa mafuta na hewa, akasikiliza, akaongeza tena. Injini ikanguruma kwa haraka, imara, haitikisiki. Mama Zuhura, kwa mazoea, akasema shikamoo mlangoni. Tulimwona midomo tu. Mwalimu akafunga boneti kama mtu anayefunika maiti.

Kesho yake tulikwenda Samuye. Tukamkuta namhala mmoja, mzee mwenye ng'ombe zake, nikasimama, nikateremsha kioo, nikapaza sauti. Mzee hakusikia. Alitutazama, akaona midomo inacheza na gari linamngurumia usoni, akageuza uso akaendelea na ng'ombe zake. Mwalimu aliteseka, nakwambia. Akafungua mlango, akashuka, akamkimbilia yule mzee kwenye mchanga na makubazi yake, kofia mkononi. Nilimwona kwa mbali anainama, wanashikana mikono, wanazungumza muda mrefu. Gari lilikuwa linanguruma peke yake na mimi ndani, halikuzima. Aliporudi alikuwa anahema na anatabasamu.

"Kumbe," akasema. "Tulikuwa wavivu. Kuanzia leo, gia fri, breki ya mkono, unashuka. Salamu ya dirishani nimeifuta."

Na ndivyo tulivyofundishwa kuanzia siku hiyo. Watu walitucheka. Dereva anashuka garini, anamfuata bibi shambani, anapiga goti, anarudi! Lakini gari halikuzima tena, na mimi nikaanza kulala usingizi.

Siku ya mtihani wa pili tuta la reli nililipanda, nikasimama, nikaondoka, trafiki anapumua kwa pua. Tukaingia barabara kubwa. Mbele yetu bibi kizee anatoka na mzigo wa kuni kichwani, amesimama kando anangoja tupite. Sikufikiri. Mguu ulishajifunza. Nikasimama, fri, breki ya mkono, nikashuka, nikapiga goti kwenye vumbi.

"Mwangaluka, mayu."

Bibi akauliza nyumbani. Akauliza watoto. Hapo ndipo nilipokumbuka niko mtihani! Lakini utamkatizaje? Akauliza mvua, nikajibu, akanibariki, nikarudi garini mbio. Trafiki amekaa vile vile, na injini inanguruma mbele yake, imetulia.

"Yule ni nani yako?"

"Simjui, afande."

Akanionyesha njia kwa kidole. Tulikwenda kitambo kizima, na mimi nimeshawapoteza wanangu na nyumba ya bati kichwani mwangu. Tulipofika kituoni akasema, "Mwalimu wako mwambie mtihani si safari ya kuamkia ukoo." Halafu akagonga muhuri. "Mama yangu naye anabeba kuni barabara ile. Nenda."

Nilimkimbilia Mwalimu na karatasi mkononi. Alikuwa anakula karanga. Akaitazama, akanirudishia, akasema, "Usikanyage klachi bure kwenye landrova, ni ghali." Hongera hakusema. Mama Zuhura ndiye aliyepiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Nyumba ya bati niliipata, mvua ya kwanza ikatukuta ndani. Wanangu wamekulia pale. Nimebeba wajawazito, nimebeba walioangukiwa na mashimo ya dhahabu, nimebeba hata mume wangu mara moja, mgonjwa, na nikamfikisha salama ingawa alistahili kushushwa njiani. Kila nikipita Shinyanga nilikwenda Ngokolo kusalimia. Miaka ikaenda hivyo. Mwalimu akazeeka, gari la rangi ya maziwa akaliuza, macho yakaanza ukungu.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa karibu na mwisho wa miaka ya themanini. Mama Zuhura aliniletea habari kwamba Mwalimu ameandikiwa hospitali Mwanza kuangaliwa macho, na basi hataki. Nikamwomba Sista ruhusa, nikaenda na landrova. Nilimpandisha mwenyewe kiti cha mbele, upande wa kushoto, kiti alichokalia maisha yake yote. Mama Zuhura akakaa nyuma na kapu la chakula.

Tulipotoka mjini nilikuwa na woga kama mwanafunzi. Nilingoja anikosoe. Nikabadili gia, kimya. Nikapita shimo, kimya. Nikaona nikichelewa kusema sitasema tena, nikasema yote kwa mkupuo: kwamba nyumba ninayolala ni yeye aliyenipa, kwamba wanangu wamesoma kwa sababu yake, kwamba namshukuru yeye na mkewe, na nitawashukuru mpaka naingia kaburini. Wabeja, Mwalimu. Wabeja sana.

"Angalia barabara," akasema.

Nikaangalia barabara. Baada ya muda nikamsikia Mama Zuhura ananong'ona nyuma yangu, "Mwanangu, mtazame. Miaka yote hii ndani ya gari la mtu hajafumba jicho, hata mimi nikiwa naumwa uchungu." Nikageuka kidogo. Alikuwa amelala, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani, miguu yote miwili imekunjwa kando, mbali na mahali ambapo breki yake ingekuwa.

Nikapunguza mwendo asije akaamka.